Pelikule ao numerike? Kwa nini wapenda foto wanashika zote mbili

Siku hizi karibu kila kijana wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia iko na telefone yenye kupiga foto. Siku ya ndoa anapiga foto mia mbili, jioni anafuta nyingi, na hajalipa hata franka moja. Lakini ungali unakuta watu wanaotafuta aparei ya zamani, ile ya kutia pelikule, yenye foto 36 tu, yenye kumungojesha mutu siku nyingi mbele aone kile alichopiga. Na watu hao hao hawatupe telefone yao. Wanapiga na zote mbili.

Wengi wanaulizaka: hiyo ni akili gani? Kama numerike inafanya kazi haraka na karibu bure, pelikule ni ya nini tena?

Jibu si kujionyesha, na si kuwaza kama mambo ya zamani yote yalikuwa mazuri. Kila moja iko na raha yake, na kila moja iko na uzaifu wake. Mimi mwenyewe niko kati ya watu hao: foto za kazi napiga na numerike, na siku ya kupumzika nabeba aparei ya pelikule. Katika makala hii tunaeleza namna kila moja inafanya kazi, ni nini inamupa mutu anayependa foto, na jambo moja linalotuhusu sisi watu wa mashariki zaidi ya watu wa inchi zenye usalama: pale familia inakimbia nyumba, foto gani inabakia?

Pelikule: feza ndani ya giza

Pelikule ni utepe mwembamba wa plastiki. Juu yake kumepakwa jelatini, ile inayotoka katika mifupa na ngozi za nyama kama ng'ombe. Ndani ya jelatini kuko chembe ndogo sana zenye madini ya feza, feza ile ile ya kutengeneza pete. Chembe hizo zinabadilika zikiona mwanga. Ukifinya aparei, kipazia chake kinafunguka kwa muda mufupi sana, pengine sehemu moja ya 125 ya sekunde. Mwanga unaingia, unagusa chembe, kipazia kinafunga. Foto imekwisha kuandikwa, lakini macho hayawezi kuiona. Imefichwa.

Ili itoke, fundi anaingiza pelikule ndani ya kopo lenye kufungwa, katika giza kamili. Watu wengi wanakumbuka taa nyekundu ya studio za zamani. Taa ile ilikuwa ya kazi ya karatasi, wakati wa kutoa foto nyeusi na nyeupe. Kwa pelikule nyingi, hata taa nyekundu ni adui. Kisha fundi anamwanga dawa ya kuonyesha, mara nyingi kwa joto la digri 20 kwa pelikule nyeusi na nyeupe. Dawa hiyo inageuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa feza nyeusi. Inafuata dawa ya kusimamisha, halafu dawa ya kukaza, ambayo inaondoa chembe zote zisizoguswa. Mwishoni ni maji safi, na kutundika pelikule ikauke pahali pasipo na vumbi.

Kinachotoka tunakiita negatifu. Ndani yake mambo yamegeuka: shati nyeupe ya mutoto wa shule imekuwa nyeusi, na nywele zake zimekuwa nyeupe. Ukipitisha mwanga ndani ya negatifu hadi kwenye karatasi yenye dawa, mambo yanageuka mara ya pili, na foto inakuwa sawa.

Pelikule ya rangi iko na tabaka tatu: moja inashika bluu, moja kijani, moja nyekundu. Dawa zake zinataka joto la karibu digri 38, na tofauti ndogo tu inaharibu rangi. Ndiyo maana nyeusi na nyeupe mutu anaweza kuisafisha nyumbani, lakini rangi ilikuwa inapelekwa kwenye labo yenye mashine.

Jambo moja la kushangaza: kopo la pelikule ya milimetre 35 ambalo Kodak ilianza kuuza mwaka wa 1934 lingali linafanana na lile linalouzwa leo. Pelikule iliyotengenezwa mwaka huu inaweza kuingia katika aparei ya koko, na ikafanya kazi. Ni vyombo vichache vya ufundi vyenye uaminifu kama huo.

Numerike: mwanga unaohesabiwa

Ndani ya telefone ao aparei ya numerike, pahali pa pelikule kuko kipande kidogo ambacho wafundi wanakiita kapteri. Uwaze bati lenye vikombe vidogo vidogo mamilioni, vikiwekwa inje wakati wa mvua. Kila kikombe kinapokea mwanga wake, kinaugeuza kuwa umeme, na umeme huo unageuzwa kuwa namba. Kikombe penye mwanga mwingi, namba kubwa. Penye giza, namba ndogo. Foto nzima ni namba tu.

Lakini vikombe hivyo havijue rangi. Juu ya kila kimoja kumewekwa kioo kidogo chekundu, cha kijani ao cha bluu, na aparei inapiga hesabu ili kupata rangi zinazobakia. Mupango huo ulitengenezwa na fundi wa Kodak, Bryce Bayer, na ukapata hati yake mwaka wa 1976. Nusu ya vioo vyake ni vya kijani, kwa sababu jicho la mwanadamu linaona vizuri zaidi mambo madogo katika mwanga wa kijani.

Kwa kuwa foto ya numerike ni namba, unaweza kuitoa kopi elfu moja, na ya mwisho ikawa sawa kabisa na ya kwanza. Negatifu haiwezi hivyo: ukitoa kopi yake, kila mara kitu kidogo kinapotea. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya numerike. Uzaifu wake ni kwamba foto elfu moja zinaweza kupotea kwa sekunde moja.

Tena numerike si kitu cha wageni tu. Ndani ya telefone na aparei kuko vipande vya umeme vinavyotengenezwa na tantali, na tantali inatoka katika koltani. Koltani inachimbwa hapa kwetu, kama vile Rubaya katika teritware ya Masisi. Kwa hiyo udongo wa vilima vyetu unaenda mbali na unarudi ukiwa telefone ya kupiga foto. Bei ambayo watu wa vilima hivyo wamelipa, sisi tunaijua.

Kampuni iliyojichimbia shimo

Watu wengi wanazani numerike ilizaliwa juzi. Hapana. Mwaka wa 1975, ndani ya Kodak yenyewe, kampuni kubwa ya pelikule huko Rochester katika Marekani, fundi kijana jina lake Steven Sasson alitengeneza aparei ya kwanza ya numerike ya kubebwa na mikono. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3 na nusu. Foto yake ilikuwa na nukta 10.000 tu, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti, kaseti kama zile tulizosikilizia muziki. Telefone ya leo inatoa nukta zaidi ya milioni 10 kwa kufumba na kufumbua.

Kodak haikusukuma kazi hiyo kwa nguvu, kwa sababu pelikule ndiyo iliyokuwa inaleta feza. Mwaka wa 2009 ilitangaza mwisho wa Kodachrome, pelikule yake ya rangi yenye sifa kubwa. Mwezi wa kwanza 2012 ikaomba ulinzi wa sheria kwa sababu ya madeni. Wengi wakasema: pelikule imekufa.

Haikukufa. Pelikule za Kodak zingali zinatoka Rochester, na katika Uingereza kiwanda cha Ilford kingali kinatengeneza nyeusi na nyeupe. Mwaka wa 2024 Pentax ilitoa aparei mupya kabisa ya pelikule, Pentax 17, ambayo inakata kila foto nusu, na pelikule ya 36 inatoa foto 72. Kati ya wanunuzi kuko vijana waliozaliwa wakati numerike imekwisha kuenea. Hao hawakurudia pelikule kwa kukosa kitu kingine. Waliichagua.

Raha ya pelikule

Raha ya kwanza ni kupunguza. Uko na foto 36, basi. Asubuhi kandokando ya Ziwa Kivu, saa wavuvi wa sambaza wanarudi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, na telefone nitapiga mara makumi ine bila kuwaza. Na pelikule nitapiga mara mbili. Mbele ya kufinya naangalia: mwanga unatoka wapi? Yule muvuvi wa mbele atainua kasia lini? Nyuma yake kuko nini? Mara nyingi nashusha aparei bila kupiga, na hiyo nayo ni somo. Macho yanajifunza kufanya kazi mbele ya kidole.

Raha ya pili ni kungoja. Pelikule inamalizika nyuma ya wiki mbili, ao mwezi. Pale foto zinatoka, umekwisha kusahau zingine. Unajikuta unaangalia kazi yako kama vile ni ya mutu mwengine, na unaona wazi ile nzuri na ile isiyo na maana.

Raha ya tatu ni ya mikono, na hapa kwetu iko na faida ya kweli. Aparei nyingi za zamani, kama Pentax K1000 ao Zenit, zinatembea kwa chuma na springi. Zenye batri zinaitumia tu kwa kupima mwanga. Batri ikikufa, zinaendelea kupiga. Mutu anayeishi na umeme wa kukatika kila siku anaelewa mara moja maana ya chombo kisichoomba umeme.

Kama kipimo hakifanye kazi, kuko sheria ya wazee wa foto ambayo jua letu la katikati ya dunia linaikubali vizuri. Saa jua linawaka bila mawingu, weka tundu la kioo kwenye namba 16, na mwendo kwenye namba iliyo karibu na ile iliyoandikwa kwenye pelikule. Pelikule ya 100, mwendo 125. Ya 200, mwendo 250. Ya 400, mwendo 500. Mawingu kidogo, fungua tundu hadi 11. Mawingu yamefunika anga yote, hadi 8. Kivulini, 5,6 ao 4. Jaribu sheria hiyo kwanza na aparei ya numerike yenye kukubali kuwekwa kwa mukono, utaona matokeo papo hapo bila kupoteza pelikule.

Raha ya numerike

Hapo ndipo tunaona namna mbili hizi zinasaidiana. Numerike ni mwalimu asiyechoka. Unapiga, unaona kosa, unarekebisha, unapiga tena. Kila foto inaandika yenyewe saa, mwendo na tundu ulilotumia, hivi jioni unaweza kujua kwa nini ile imetoka vizuri na hii imeharibika. Kwa pelikule, usipoandika katika daftari, umesahau.

Numerike pia inaona usiku. Pelikule ya 400 ndani ya kanisa lenye mishumaa mbili inateseka sana, lakini aparei nyingi za numerike zinafika 3200 ao 6400 na zinatoa kitu cha kuonekana. Tena unaweza kubadilisha namba hiyo kwa kila foto, lakini pelikule ukiianza na 100 unabakia kwa kawaida na 100 hadi mwisho.

Halafu kuko haraka. Mutoto akizaliwa Beni, shangazi yake aliye Nairobi ao Canada anamuona mbele ya mama kutoka hospitali. Pelikule haiwezi kufanya hivyo. Na kwa kazi yetu ya habari, mambo yakitokea asubuhi, foto inatakiwa saa sita.

Wapenda foto wengi wanatumia telefone kama daftari ya kujaribia: wanapiga kwanza na telefone kuona namna mwanga na watu wamepangwa, kisha wanainua aparei ya pelikule na kupiga mara moja tu. Vyombo viwili, kazi moja.

Sura nyeusi na mwanga

Kuko jambo moja ambalo kila mutu wa kwetu anayepiga foto anapaswa kujua, ikiwa ni pelikule ao numerike. Kwa miaka mingi, pelikule za rangi zilipimwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Labo nyingi zilikuwa na karatasi ya mufano yenye foto ya mwanamuke muzungu, na rangi zilirekebishwa hadi ngozi yake ionekane vizuri. Sura nyeusi zilitoka giza, macho na meno tu ndiyo yaliyoonekana. Mambo yalianza kubadilika, na tena si kwa malalamiko ya watu weusi peke yao. Watengenezaji wa shokola na wa viti vya mbao walilalamika pia kwamba mali yao haionekane vizuri katika matangazo.

Vyombo vya leo ni bora, lakini vingali vinadanganyika. Mutu akisimama mbele ya ukuta mweupe ao ya anga, aparei inaona mwanga mwingi, inapunguza, na sura inakuwa giza. Kwa telefone, gusa sura kwenye kioo mbele ya kupiga. Kwa aparei ya zamani, karibia sura, pima mwanga hapo, kisha rudi nyuma na upige bila kubadilisha.

Hapa pelikule na numerike ziko na tabia tofauti. Negatifu inavumilia mwanga wa kupita kiasi, lakini mwanga ukikosa, kivulini hakubakie kitu. Numerike ni kinyume: kivulini unaweza kurudisha mambo mengi, lakini pahali palipoungua na mwanga, kama shati nyeupe juani, hapatarudi hata ufanye nini. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi, pelikule uipe mwanga zaidi, numerike uipunguzie kidogo.

Lubumbashi: ya zamani na mupya kwenye foto moja

Inchi yetu iko na watu walioonyesha thamani ya namna hizo zote. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka wa 1928 na kufa mwaka wa 1997, alipiga na pelikule maisha ya usiku ya Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960, na alikuwa mupiga foto wa mwanamuziki Franco. Bila negatifu zake, vijana wa leo wasingejua namna wazee wao walivyovaa, walivyocheza na walivyocheka katika baa za wakati ule.

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, alienda mbali zaidi. Katika kazi yake ya mwaka wa 2006 inayoitwa Mémoire, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi wakati wa ukoloni, akazikata na kuziweka, kwa njia ya ordinatere, juu ya foto alizopiga yeye mwenyewe kwenye viwanda vya Gécamines vilivyobakia magofu. Watu waliokufa zamani wanasimama tena mbele ya kiwanda kilichokufa. Pelikule ya zamani ilileta ushahidi, numerike ilileta uwezo wa kuukutanisha na leo. Baloji ni mumoja wa walioanzisha mwaka wa 2008 maonyesho ya foto ya Lubumbashi, na jina lake ni neno letu la kawaida: Picha.

Tukikimbia, nini kinabakia?

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma hadi ziwani. Nyumba zilimezwa pamoja na albamu zote. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ukashuka tena. Na kati ya miaka hiyo, na nyuma yake, vita vimekimbiza familia mara moja, mara mbili, mara tatu. Mutu anayekimbia anabeba watoto, godoro, sufuria. Albamu inabakia.

Telefone, yeye anaikimbiza mufukoni. Lakini telefone inaibiwa njiani, inaanguka ndani ya maji, inauzwa kwa kununua unga. Na wengi hawana kopi pahali pengine. Kwa hiyo si kweli kwamba karatasi ni salama kuliko telefone, na si kweli kwamba telefone ni salama kuliko karatasi. Kila moja inakufa kifo chake. Foto inayopona ni ile yenye kuwa katika namna mbili, pahali zaidi ya pamoja.

Ndiyo sababu mutu anayejua pelikule na numerike pamoja anaweza kuisaidia familia yake kuliko anayejua moja tu. Kama nyumbani kungali negatifu za wazee, hata albamu ikipotea, foto zote zinaweza kutoka tena. Watu wengi wanatupa negatifu wakizani ni takataka. Usizitupe! Negatifu ni mama, foto ya karatasi ni mutoto.

Namna ya kuziokoa kwa telefone tu ni hii:

Kwanza, shika negatifu kwa kingo, usiguse katikati na vidole. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Usiisugue na kitambaa chenye maji ya sabuni.

Pili, tafuta telefone ya pili ao tablete, fungua ukurasa mweupe, na uongeze mwanga wake hadi mwisho. Inua negatifu sentimetre chache juu ya kioo hicho, kwa mufano kwa kuiweka kati ya vitabu viwili vyembamba. Ikilala moja kwa moja juu ya kioo, nukta za kioo zitaonekana ndani ya foto.

Tatu, zima taa za chumba, piga negatifu kutoka juu na telefone yako, ikiwa sawa, bila kuinama upande.

Ine, fungua programu ya kurekebisha foto, na utafute pahali pa kugeuza rangi. Nyeusi inakuwa nyeupe, nyeupe inakuwa nyeusi, na ghafula baba aliyekufa anakuangalia. Negatifu ya rangi itatoka na bluu nyingi, kwa sababu plastiki yake iko na rangi ya machungwa. Unaweza kuirekebisha, ao kuiacha nyeusi na nyeupe.

Kwa foto za karatasi ni rahisi zaidi: ziondoe ndani ya albamu kama hazikushikamana, uzipige mchana karibu na dirisha, bila flashi na bila jua la moja kwa moja. Foto zilizolowana na kushikamana, usizivute kwa nguvu. Ziweke kwanza katika maji safi ya baridi, zitaachana polepole, kisha uziache zikauke zikiangalia juu.

Ukimaliza, tuma kopi kwa ndugu aliye katika muji mwengine. Kwa WhatsApp, itume kama dokima, si kama foto, kwani ikitumwa kama foto inapunguzwa. Negatifu zenyewe uzitie ndani ya bahasha za karatasi, pahali pakavu, mbali na joto na unyevu. Na zile foto za numerike unazozipenda kweli, kumi ao makumi mbili kwa mwaka, uzitoe kwenye karatasi.

Kwa anayetaka kuanza

Usianze kwa kununua. Uliza kwanza nyumbani, kwa wajomba, kwa wafundi wa studio za zamani: aparei za pelikule ziko zimelala ndani ya makabati. Fungua mugongo wake bila pelikule, finya, uangalie kama kipazia kinafunguka na kufunga. Angalia ndani ya kioo kama hakuna ukungu, maana unyevu wetu unaupenda sana.

Garama ni pelikule yenyewe. Huko Ulaya ao Marekani, moja ya rangi ya foto 36 inaweza kufika dola 10 ao kupita. Hesabu: karibu senti 28 kwa foto moja, mbele ya kuisafisha. Ndiyo maana mutu mwenye akili anajifunzia kwa numerike. Wengi wanaagiza pelikule kwa mutu anayesafiri. Kama anapita kiwanja cha ndege, aombe zikaguliwe kwa mukono, kwa sababu mashine za kukagua mizigo zinaweza kuziharibu.

Na usalama: usipige foto ya askari, kambi, kiwanja cha ndege, daraja ao kizuizi cha barabarani. Aparei kubwa inaonekana kutoka mbali, na hakuna foto yenye thamani ya kufungwa. Mbele ya kupiga mutu, umusalimie na umuombe ruhusa. Na ukimuahidi foto, umuletee.

Mwisho, kazi moja ambayo haiombe aparei yoyote. Siku ya mungu ukiwa na koko ao muzee wa nyumbani, kaa naye na foto za zamani, umuulize: huyu ni nani, ilikuwa wapi, mwaka gani? Andika majibu nyuma ya foto kwa krayo, polepole, bila kufinya sana, na uyaandike pia katika telefone. Foto isiyo na jina, ikiwa ni ya feza ao ya namba, nyuma ya miaka makumi tatu inakuwa ya mugeni. Wenye kujua majina hayo wangali hai leo.